Kujifunza Usimamizi wa Miradi kwa Kozi ya Kitaaluma: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Maswali ya wanaotaka kuingia katika usimamizi wa miradi hayabadiliki. Je, ni lazima niwe na shahada? Nianze na cheti kipi? Kozi ya siku tano inatosha? Na lile zito kuliko yote, linaloulizwa na watu waliokwisha kulipa ada na kupokea cheti: mbona nimekabidhiwa mradi na sijui pa kuanzia?

Swali hilo la mwisho ndilo lililoupa mwongozo huu mpangilio wake. Kozi nzuri hukupa istilahi za fani, namna ya kuyapanga mawazo, na ithibati ambayo mwajiri anaitambua. Haikupi mazoea ya kukadiria muda, ya kuzungumza na mkubwa anayetaka kila kitu kiwe tayari kesho, wala ya kugundua mapema kwamba kazi inachelewa. Mazoea hayo hujengwa juu ya mradi halisi, na anayesubiri amalize kozi ndipo autafute mradi huo hukuta nusu ya masomo yamekwisha kumtoka kichwani. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zinaanza na mradi, ndipo ije kozi, na kuanzia hapo viwili hivyo vinakwenda pamoja hadi chumba cha mtihani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Huhitaji shahada ya fani hii ili uanze kujifunza, ingawa baadhi ya vyeti vina masharti ya elimu na uzoefu ambayo yataelezwa katika Hatua ya 2. Mambo yafuatayo, hata hivyo, yawe tayari kabla hujalipa ada yoyote.

- Saa sita hadi nane kila wiki ambazo unaweza kuzilinda kwa muda wa miezi mitatu hivi. Anayeweza kupata saa mbili tu kwa wiki ni afadhali asubiri kipindi chenye nafasi, kwa maana atakuwa akirudia somo lile lile kila anapoketi.
- Kompyuta yenye programu yoyote ya lahajedwali, kama Excel. Programu maalumu za kupanga ratiba ni nzuri, lakini zinaweza kusubiri. Anayeanza nazo mara nyingi hujifunza vitufe badala ya kujifunza kupanga.
- Daftari moja la mradi, la karatasi au la kielektroniki, ambamo kila uamuzi utaandikwa pamoja na tarehe yake na jina la aliyeuamua.
- Mtu mmoja mwenye uzoefu atakayekubali kusoma nyaraka zako mara moja kila wiki mbili. Si lazima awe na cheti. Mhandisi, mhasibu au mratibu aliyewahi kukabidhi kazi kubwa kwa wakati anatosha.
- Bajeti kamili. Ada ya kozi na ada ya mtihani mara nyingi ni vitu viwili tofauti, na juu yake kuna ada ya kurudia mtihani iwapo hutafaulu na ada ya kuhuisha cheti kila baada ya miaka kadhaa.

Jambo moja zaidi kwa msomaji wa Kiswahili. Mitihani mikubwa ya kimataifa ya fani hii haitolewi kwa lugha yetu, kwa hiyo jipime kwa uaminifu kama unaweza kusoma aya ndefu kwa lugha ya mtihani na kuielewa kwa dakika moja. Kama bado, anza kusoma makala za fani katika lugha hiyo kila siku kuanzia leo, sambamba na hatua nyingine zote.

Hatua ya 1: Chagua mradi utakaojifunzia

Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, inayoleta kitu ambacho hakikuwapo. Kulipa mishahara kila mwezi si mradi. Kubadilisha mfumo wa kulipia mishahara ni mradi. Tafuta kazini kwako, katika chama chako au katika kikundi unachojitolea, kazi yenye sifa nne: inaweza kukamilika kati ya mwezi mmoja na mitatu, inahitaji watu wasiopungua watatu, ina mtu mwenye mamlaka ambaye ataumia isipofanyika, na ina matokeo yanayoweza kuonekana kwa macho au kuhesabiwa.

Sifa ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi. Mtu huyo mwenye mamlaka ndiye mdhamini wa mradi, na bila yeye utakuwa na zoezi la darasani lililovikwa jina la mradi, kwa sababu hakuna atakayekusukuma, atakayekukatalia wala atakayebadilisha mawazo katikati ya njia. Misukosuko hiyo ndiyo unayokuja kujifunza kuikabili.

Ili hatua zinazofuata ziwe na mfano wa kushika, tuchukue mradi huu: masjala ya taasisi ina majalada 3,000 ya karatasi, na uongozi unataka yote yawe ndani ya kompyuta, yaliyoskaniwa, yaliyopewa majina kwa utaratibu mmoja na yaliyohakikiwa.

Tahadhari: usichague mradi mkubwa ili kuwavutia watu. Mradi mdogo unaokamilika utakufundisha kupanga, kutekeleza, kufuatilia na kufunga. Mkubwa utakaokwama katikati hautakufikisha kwenye kufunga, na kufunga ni somo linalojitegemea.

Hatua ya 2: Chagua cheti kinacholingana na mahali ulipo

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, basi tuende polepole. Vyeti vinavyotambulika kimataifa ni vichache, na kila kimoja kimetengenezwa kwa ajili ya mtu wa aina fulani.

Project Management Institute, taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969, inatoa vyeti viwili ambavyo wanaoanza huvichanganya. PMP (Project Management Professional), kilichoanza mwaka 1984, ni cha mtu ambaye tayari anaongoza miradi: mwenye shahada ya miaka minne huombwa kuonyesha miezi 36 ya kuongoza miradi, aliyeishia sekondari miezi 60, na wote wawili saa 35 za mafunzo rasmi. CAPM (Certified Associate in Project Management) ni cha anayeanza: hakidai uzoefu wowote, kinadai elimu ya sekondari na saa 23 za mafunzo. Kama hujawahi kuongoza mradi, usilipie kozi ya maandalizi ya PMP kwa sababu tu jina lake linasikika zaidi. Utamaliza kozi na ombi lako la mtihani litakataliwa. Anza na CAPM, na ujue kwamba mwenye cheti hicho kilicho hai huhesabiwa kuwa amekwisha kutimiza sharti la saa 35 siku atakapoomba PMP.

PRINCE2 ilizaliwa serikalini Uingereza na ikatolewa kwa jina hilo mwaka 1996. Toleo lake la saba lilitoka mwaka 2023. Hii ni njia kamili ya kuendesha mradi, yenye majukumu, nyaraka na vituo vya maamuzi vilivyokwisha kupangwa. Ngazi yake ya kwanza haidai uzoefu, na ngazi ya pili humtaka mtahiniwa awe na ile ya kwanza au cheti kingine kinachokubalika. Inamfaa zaidi anayefanya kazi katika taasisi ambazo tayari zinaitumia. Tazama matangazo ya kazi unazozitaka. Yakiitaja mara kwa mara, jibu umelipata.

Anayefanya kazi katika mashirika ya maendeleo na misaada azingatie Project DPro (zamani PMD Pro), kinachosimamiwa na PM4NGOs, shirika linaloshughulikia usimamizi wa miradi katika mashirika yasiyo ya kiserikali, kwa kuwa mifano yake inatoka katika mazingira ya wafadhili, walengwa na ufuatiliaji na tathmini.

Vyeti vya Scrum na mbinu nyumbufu (agile) kwa jumla vina nafasi yake, hasa katika utengenezaji wa programu za kompyuta. Wazo lenyewe ni kufanya kazi kwa vipindi vifupi, visivyozidi mwezi mmoja katika Scrum, na kuonyesha kitu kinachofanya kazi mwisho wa kila kipindi. Lakini fahamu kwamba katika Scrum hakuna nafasi ya msimamizi wa mradi. Ukiichukua kama kozi yako ya kwanza na ya pekee, utabaki bila masomo ya bajeti, mikataba na ratiba ndefu.

Masharti, ada na muundo wa mitihani hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Kabla ya kulipa, soma mwongozo rasmi wa mtahiniwa uliotolewa na taasisi yenyewe, si muhtasari wa chuo kinachouza kozi.

Hatua ya 3: Ikague kozi kabla ya kuilipia

Uliza maswali haya kwa maandishi na udai majibu ya maandishi. Je, kozi imelenga toleo la mtihani linalotumika sasa? Kwa mfano, Januari 2021 karibu nusu ya maswali ya PMP yalianza kutoka katika mbinu nyumbufu na mseto (unaochanganya mbinu nyumbufu na zile za kupanga kila kitu mapema), na bado kuna masomo yanayouzwa yaliyotayarishwa kabla ya mabadiliko hayo. Je, saa za mafunzo zitathibitishwa kwa cheti kinachoonyesha idadi yake? Je, ada ya mtihani imo ndani ya ada ya kozi? Nani atasahihisha mazoezi, na baada ya siku ngapi?

Swali la mwisho lina uzito kuliko yote. Video nzuri zinapatikana kwa gharama ndogo au bure. Unachokilipia katika kozi ya kitaaluma ni jicho la mkufunzi juu ya kazi yako. Kozi ambayo haina zoezi hata moja linalosahihishwa na binadamu inafaa kwa maandalizi ya mtihani tu, na bei yake ilingane na kazi hiyo.

Tahadhari tatu. Kwanza, cheti cha kuhudhuria kinachotolewa na chuo si cheti cha kufaulu kinachotolewa na taasisi ya taaluma, na mwajiri anayeijua fani atakutofautishia mara moja. Pili, mkufunzi anayekuhakikishia kufaulu, au anayedai ana maswali halisi ya mtihani, mwepuke kabisa. Kutumia maswali yaliyovuja ni ukiukaji wa maadili unaoweza kukufutia matokeo. Tatu, kozi ya siku nne au tano mfululizo humfaa mtu aliyekwisha kusoma na anayetaka kujiweka sawa kabla ya mtihani. Kwa anayeanza, kozi ya wiki nane hadi kumi na mbili yenye vipindi viwili kwa wiki ni bora zaidi, maana inampa nafasi ya kupeleka somo kwenye mradi na kurudi na maswali.

Hatua ya 4: Andika hati ya kuanzisha mradi katika wiki ya kwanza

Hati hii isizidi kurasa mbili. Ieleze tatizo linalotatuliwa, kitakachokabidhiwa, kisichohusika, tarehe ya mwisho, bajeti, mdhamini, na mamlaka yako: unaweza kuamua nini bila kuomba ruhusa? Kisha ipelekwe kwa mdhamini aisome na kuisaini.

Kipengele cha kisichohusika ndicho kinga yako. Katika mradi wetu wa masjala, andika wazi kwamba majalada ya watumishi waliostaafu hayamo, kwamba kutengeneza mfumo wa kuyatafuta majalada kwa neno hakumo, na kwamba karatasi zenyewe hazitateketezwa. Usipoandika hivyo, kila mmoja atakayepita ofisini ataamini kwamba jambo lake limo, na utalaumiwa kwa kutotimiza ahadi ambayo hukuitoa.

Epuka malengo kama "kuboresha utunzaji wa kumbukumbu". Andika: "Ifikapo siku ya mwisho ya mradi, majalada yote 3,000 yatakuwa yameskaniwa, na katika sampuli ya majalada 150 hayatapatikana zaidi ya matatu yenye ukurasa uliokosekana au usiosomeka." Lengo la namna hii linaweza kupimwa na mtu asiyekufahamu, na hicho ndicho kipimo cha lengo lililoandikwa vizuri.

Hatua ya 5: Gawanya kazi, kadiria muda, tafuta mnyororo mrefu zaidi

Kozi yako itakufundisha mgawanyo wa kazi, makadirio na mtandao wa shughuli (mchoro unaoonyesha kazi ipi inaitegemea ipi) katika masomo matatu tofauti. Yafanyie kazi pamoja, kwa sababu kila moja halina maana bila jingine.

Anza kwa kukigawanya kile kitakachokabidhiwa, si kwa kuorodhesha shughuli zinazokujia kichwani. Gawanya hadi ufikie vipande ambavyo mtu mmoja anaweza kuwajibika navyo na vinavyoweza kukadiriwa bila kubahatisha. Ukijumlisha vipande vyote, upate mradi mzima bila kubaki wala kuzidi. Katika mfano wetu tunapata kazi sita: kukagua na kupanga majalada (siku 6), kununua skana (siku 10), kuandaa utaratibu wa majina (siku 3, baada ya ukaguzi), kuwafundisha makarani (siku 2, baada ya skana kufika na utaratibu wa majina kukamilika), kuskani (siku 15), na kuhakiki (siku 4).

Hizo siku 15 za kuskani zimetoka wapi? Waulize makarani wenyewe makadirio matatu: mambo yakienda vizuri, siku 12, kwa kawaida, siku 14, mambo yakienda vibaya, siku 22. Zidisha makadirio ya kawaida kwa nne, jumlisha mengine mawili, gawanya kwa sita: 12 na 56 na 22 ni 90, na 90 kwa sita ni 15. Kanuni hii ilitokana na PERT, mbinu ya kukadiria na kupanga ratiba, iliyobuniwa mwaka 1958 katika mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la majini la Marekani. Faida yake kubwa ni kwamba inamlazimisha mtu kuyataja mabaya kwa sauti. Karani akisema siku 22, muulize kwa nini. Jibu lake, pengine kwamba majalada mengi yana pini zilizoshika kutu na karatasi zinazochanika, ni habari ambayo hakuna kitabu kingekupa.

Sasa fuata njia mbili. Ununuzi, mafunzo, kuskani na kuhakiki: 10, 2, 15 na 4, jumla siku 31. Ukaguzi, majina, mafunzo, kuskani na kuhakiki: 6, 3, 2, 15 na 4, jumla siku 30. Mradi utachukua siku 31, na mnyororo mrefu zaidi unapita kwenye ununuzi. Skana ikichelewa siku mbili, mradi mzima unachelewa siku mbili. Ukaguzi ukichelewa siku moja, hakuna kitakachoharibika, kwa kuwa upande huo una siku moja ya akiba. Lakini ukichelewa siku tatu, njia ya pili inakuwa siku 33, nayo ndiyo inayoshika usukani.

Tulia hapo uelewe vizuri, maana watu wengi huuacha mtandao huu wa shughuli kama zoezi la mtihani na kuchora peke yake chati ya Gantt, ile yenye mistari inayoonyesha kila kazi inaanza na kwisha lini. Chati hiyo ni nzuri kwa kuwaonyesha wengine, lakini ikichorwa bila utegemezi kati ya kazi na kazi itakuonyesha nini kimepangwa lini, bila kukuambia ni ucheleweshaji gani unaoumiza. Katika mradi huu msimamizi asiye na mtandao wa shughuli atashinda masjala akiwasimamia wakaguzi, ilhali hatari kubwa iko katika ofisi ya manunuzi, kwenye fomu inayosubiri saini.

Kosa jingine la kawaida ni kuongeza siku za tahadhari ndani ya kila kazi kimyakimya. Ziweke siku hizo mahali pamoja, mwishoni, zionekane na zijulikane kuwa ni akiba ya mradi.

Hatua ya 6: Orodhesha wadau na vihatarishi

Wadau ni wale wanaoweza kuusaidia mradi, kuuzuia au kuguswa nao. Kwa kila mmoja andika anataka nini, anaogopa nini, na atapewa taarifa lini. Mkuu wa masjala anaweza kuunga mkono mradi hadharani huku akihofia kwamba idara yake itapunguzwa. Hofu hiyo isipozungumzwa, majalada yatacheleweshwa kutolewa na hutaelewa sababu.

Kwenye rejista ya vihatarishi, yaani orodha ya mambo yanayoweza kuukwamisha mradi, kila sentensi iwe na chanzo, tukio na athari. "Ucheleweshaji" si kihatarishi. "Kwa kuwa muuzaji anaagiza skana kutoka nje, huenda zikafika baada ya siku ya 10, na hivyo mafunzo na kuskani vikasogezwa mbele" ni kihatarishi. Kipe alama ya uwezekano na ya athari, 1 hadi 5 kila moja, uzidishe, kisha umtaje mtu mmoja atakayekishughulikia na kitendo atakachofanya. Vitano au vinane vyenye wenyewe vinatosha kwa mradi mdogo. Orodha ya thelathini visivyo na wenyewe hakuna atakayeisoma.

Hatua ya 7: Pima maendeleo kila wiki kwa kazi iliyokamilika

Usikubali jibu la "tumefika asilimia tisini". Uliza ni vitu vingapi vimekwisha kabisa. Tuseme mwisho wa siku ya tano ya kuskani ulipanga majalada 1,000, yamekamilika 800, na fedha zilizotumika ni zile zilizotengwa kwa ajili ya 1,000. Gawanya 800 kwa 1,000 upate 0.8, yaani umepata asilimia 80 ya ulichopanga, na hilo ni jibu la muda na la gharama pia. Kasi halisi ni majalada 160 kwa siku. Yamebaki 2,200, yanayohitaji siku 14 zaidi. Kuskani kutachukua siku 19 badala ya 15, na hali isipobadilika gharama yake itafika mara 1.25 ya bajeti.

Hesabu hii ya dakika tano inakupa nafasi ya kwenda kwa mdhamini siku ya tano ukiwa na machaguo: kuongeza karani mmoja, kupunguza idadi ya majalada, au kusogeza tarehe. Msimamizi anayekwenda siku ya kumi na tano hana la kuchagua, ana la kuomba radhi tu.

Mdhamini naye akitaka nyongeza, iandike, ionyeshe itaongeza siku ngapi na fedha kiasi gani, kisha umwachie yeye aamue. Usikatae na usikubali papo hapo.

Mradi unapokwisha, kabidhi rasmi, pata saini ya kupokea, na ukae na timu kwa saa moja kuandika nini kifanywe tofauti safari ijayo. Hifadhi pia kumbukumbu ya jukumu lako, tarehe za kuanza na kumaliza, na mtu anayeweza kuthibitisha. Baadhi ya maombi ya PMP huteuliwa kwa ukaguzi, na miezi ya miradi miwili iliyokwenda sambamba haihesabiwi mara mbili.

Hatua ya 8: Jiandae kwa mtihani na uufanye

Omba tarehe ya mtihani mara unapofika theluthi mbili ya kozi, uiweke wiki tatu hadi sita baada ya somo la mwisho. Wanaosubiri "kuwa tayari kabisa" huishia kusoma upya mwaka unaofuata.

Katika majuma hayo, fanya mitihani ya majaribio kwa muda kamili, bila simu wala kusimama ovyo. CAPM ina maswali 150 kwa saa tatu, yaani sekunde 72 kwa swali. PMP, katika muundo ulioanza 2021, iliwekewa maswali 180 kwa dakika 230, zinazokaribia sekunde 77 kwa swali, pamoja na mapumziko mawili ya dakika kumi. Baada ya kila jaribio tumia muda mwingi zaidi kwa maswali uliyokosa kuliko ulivyoutumia kuyajibu, na kwa kila moja andika kwa sentensi moja kwa nini jibu sahihi ni sahihi.

Tahadhari kwa wenye uzoefu: maswali mengi hueleza hali na kuuliza msimamizi afanye nini kwanza. Jibu lako la kazini, la kupiga simu kwa bosi au kumwadhibu aliyechelewa, mara nyingi silo. Kwa kawaida hutakiwa kuchunguza tatizo, kuzungumza na wahusika, na kurejea kwenye mpango kabla ya kulipeleka juu.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

*Kozi imekwenda mbele na mradi umebaki nyuma.* Hili hutokea mara kwa mara, kwa sababu darasa halikungoji. Usiuache mradi. Punguza upeo wake kwa idhini ya mdhamini, ubaki na kipande kimoja kinachoweza kukamilika, na somo lililokwisha kupita lifanyie zoezi lake kwenye kipande hicho.

*Mdhamini hataki kusaini hati.* Mara nyingi haogopi hati yenyewe, ila anaogopa kufungwa na tarehe au fedha. Mwombe dakika ishirini, msome pamoja kifungu kwa kifungu, na umuulize kipi hakiamini. Ikiwa hata hivyo hataki, mtumie muhtasari wa makubaliano kwa barua pepe ukimwomba asahihishe palipokosewa. Kama hasahihishi na hasaini kwa wiki mbili, tafuta mradi mwingine mapema.

*Wanatimu hawatoi taarifa.* Angalia kama umewapa fomu ndefu. Badilisha kwa maswali matatu ya mdomo kila wiki: kipi kimekwisha, kipi kinafuata, kipi kimekukwamisha? Jaza lahajedwali mwenyewe.

*Alama za majaribio zimekwama mahali pamoja.* Acha kufanya majaribio mapya kwa wiki moja. Panga makosa yako kwa mada, chukua mada mbili zinazoongoza, na umweleze mtu mwingine kwa sauti bila kutazama kitabu. Ukibabaika katikati ya maelezo, hapo ndipo penye pengo. Tatizo likiwa kusoma taratibu wala si kutojua, dawa yake ni kusoma kila siku kwa lugha ya mtihani.

*Umeshindwa mtihani.* Soma ripoti ya matokeo, inayoonyesha maeneo uliyofanya vibaya, kabla hujafanya lolote. Kwa PMP unaruhusiwa kujaribu mara tatu ndani ya mwaka mmoja tangu ombi lako lilipokubaliwa, kwa hiyo una muda wa kuyashughulikia maeneo hayo kwa wiki nne au sita. Usirudi wiki inayofuata kwa hasira.

*Cheti unacho, lakini kila tangazo linadai uzoefu.* Usiombe nafasi za msimamizi wa mradi kwanza. Omba za mratibu, msaidizi wa mradi au ofisa wa ufuatiliaji. Kwenye maombi ambatisha hati ya kuanzisha mradi, mtandao wa shughuli na taarifa moja ya maendeleo kutoka katika mradi wako, baada ya kupata ruhusa ya taasisi na kuondoa majina na taarifa za siri. Katika usaili jiandae kuieleza ratiba hiyo kazi kwa kazi, kwa sababu msaili anayeijua fani atakuuliza ni kazi ipi iliyochelewa na ulifanya nini siku ile ulipogundua.

*Cheti kinakaribia kwisha muda.* Mwenye PMP anahitaji alama 60 za maendeleo ya kitaaluma kila baada ya miaka mitatu, na mwenye CAPM alama 15. Alama hupatikana kwa kusoma, kufundisha, kujitolea na kufanya kazi yenyewe ya miradi. Ziandikishe mwezi ule ule unapozipata, pamoja na uthibitisho wake, kwa kuwa kuutafuta uthibitisho wa semina ya miaka miwili iliyopita ni kazi ngumu kuliko semina yenyewe.